Jiwe la Achari na Herufi za Wafalme

Jumamosi, 25 Esfandi

Msiba! Bi Turandokht anahama.

Ametangaza mwenyewe leo darasani, kwa sauti ileile anayotumia kututajia miaka ya utawala wa Koreshi. Mwanawe aliyeko Mashhadi anataka akaishi naye. Lori litakuja tarehe kumi na nne ya mwezi ujao, Farvardini, kesho yake baada ya mandari ya mwaka mpya. Akasema hayo, akageukia ubao, akaendelea kuandika. Mimi nikaendelea kunakili. Nilipofika nyumbani nikakuta nimeandika herufi moja mara arobaini.

Niyaweke mambo wazi humu, maana daftari hili ndilo pekee lisilonicheka. Mimi ni Iraj mwana wa Safar, mgane, miaka sitini na moja. Miaka thelathini nimepima malori ya viazisukari hapa Marvdasht, mkoani Fars. Sikuwa na haja na maandishi ya wafalme wa kale, ingawa kasri lao liko robo saa tu kwa gari na babu yangu alichungia mbuzi kati ya nguzo zake. Miezi saba iliyopita niliingia maktaba kukimbia mvua, nikamwona Bi Turan akifundisha, ana vumbi la chaki kwenye nyusi. Nikajiandikisha palepale. Herufi zao, zenye umbo la misumari, zinapita thelathini. Nazijua kumi na moja.

Wa kwanza darasani ni Daktari Moayedi, daktari wa meno, mgane kama mimi. Meno yake yote yapo na yote hutaka kuonekana. Huutaja ukoo wa Dario mpaka babu wa babu bila kuvuta pumzi. Hukaa mbele. Simpendi.

Leo tumesoma dua ya Dario. Alimwomba Mungu ailinde nchi na mambo matatu: jeshi la adui, njaa, na uongo. Uongo! Aliuhesabu pamoja na majeshi. Kisha Bi Turan akauliza nani amefanya kazi ya nyumbani. Nikanyoosha mkono. Mungu anisamehe.

Lakini hapohapo mpango ukanijia. Wafalme wale hawakuzungukazunguka. "Mimi ni Dario, mfalme mkuu." Basi! Hakuna samahani kwa usumbufu, hakuna mimi ni vumbi la miguu yako. Alichotaka kusema alikichonga kwenye mwamba. Nami nitachonga. Mdomo wangu haujawahi kusema jambo la maana mbele ya mwanamke yule. Tuujaribu mkono.

Jumapili, 26 Esfandi

Jiwe nimepata! Bapa, la kijivu, kama lile la Mlima wa Rehema ulioko nyuma ya kasri. Lilikuwa limekaa bure juu ya mtungi wa achari wa Dada Akhtar, likikandamiza biringanya. Kazi ya aibu kwa jiwe lenye hadhi kama ile.

Dada Akhtar ni dada yangu mkubwa. Anakaa chini, mimi juu. Anapika, nakula, ananisema. Ndivyo tunavyoishi tangu Mahin wangu afariki, miaka tisa sasa.

Kazi imeanza kwa nyundo na patasi. Saa nne nzima. Matokeo: msumari mmoja na nusu, kidole gumba kimevimba kama kitunguu, kioo kimoja cha miwani kimepasuka. Dada Akhtar akapaza sauti kutoka chini, je, nabomoa nyumba? Nikamjibu natundika picha. Akauliza picha ya nani huyo, ya tembo?

Jumanne, 28 Esfandi

Jioni ya mioto. Darasa zima tulikutana uwanjani kuruka, kama kila Jumanne ya mwisho ya mwaka, tuuachie moto umanjano wetu na tuchukue wekundu wake. Daktari Moayedi karuka mioto mitatu mfululizo, makofi. Nami nikaruka. Moto wa kwanza nikauvuka. Wa pili ukaniachia tundu kwenye suruali, mahali ambapo si pa kuandika.

Bi Turan alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akalowesha leso yake akanipa, akageuka upande wa pili kwa heshima. Leso hii hapa mezani. Sitairudisha.

Halafu maafa. Akasema ana nafasi kwenye gari, anipeleke nyumbani. Nikasema hapana, nisikusumbue. Akasema si usumbufu, njia ni moja. Nikasema haki ya Mungu siwezi, nitatembea, hewa ni nzuri. Kila mtu aliyelelewa anajua: mwaliko hukataliwa mara mbili, na mara ya tatu mtu anakubali shingo upande huku moyo unaruka. Nilikuwa tayari kwa ya tatu! Nilikwisha kuutazama mlango wa gari! Daktari Moayedi akasema lo, bahati njema, basi mimi nitapanda. Akapanda. Alikuja na gari lake mwenyewe!

Nimetembea kilomita nne nikiwa nimeshika suruali kwa nyuma.

Alhamisi, 30 Esfandi

Mwaka umegeuka saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni. Tuliungoja kasrini pamoja na umati, tumetandika kitambaa chini ya ngazi kubwa, juu yake majani ya ngano, siki, tufaha, kitunguu saumu na samaki wetu mwekundu ndani ya bakuli. Dada Akhtar alikuwa amenuna. Kagundua mtungi hauna jiwe. Biringanya zimeelea, zimeota ukungu. Anamshuku paka.

Wakati watu wanakumbatiana Bi Turan akaniita kando, kwenye ukuta wa ngazi. Wamechongwa pale wakuu wa nchi wakipanda kwenda kwa mfalme kwenye sikukuu. Akanionyesha wawili. Mmoja amegeuka nyuma kumtazama mwenziwe, mwingine amemwekea mkono begani. Akasema watu huja kutazama wafalme na simba, lakini yeye tangu utotoni huja kuwatazama hawa wawili. Miaka elfu mbili na mia tano yule ana mkono begani mwa rafiki yake, na bado hajamaliza alichotaka kumwambia.

Akaniangalia.

Mkono wangu ulikuwa karibu na bega lake kwa kiasi cha ganda la tufaha. Nikafungua mdomo. Nikasema, Mungu akuweke, usichoke.

Usichoke! Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia madereva wa viazisukari.

Jumapili, 3 Farvardini

Siku ya furaha na ya kilio, kwa mpangilio huo.

Furaha: jiwe limekwisha! Maneno ya kale niliyokosa nimetumia ya leo, nikayavalisha herufi za kale. Linasimama vizuri. Niliponunua maua ya kulipamba Dada Akhtar akauliza ni ya kaburi la nani.

Ilikuwa zamu ya Bi Turan kuja kutupa mkono wa mwaka mpya, saa kumi na moja. Nikaliweka jiwe mezani kati ya karanga na machungwa, nikalifunika leso yake. Mpango: anakaa, anakunywa chai, naifunua, anasoma, mimi nakuwa jikoni.

Saa kumi akaja Daktari Moayedi.

Hakuwa amealikwa saa hiyo. Akaketi, akamenya chungwa, akaiona leso, akaifunua. Akaliangalia jiwe kwa muda mrefu. Akasema kazi gani hii, Bwana Iraj, mikono yako na idumu! Na mdomo wangu, mdomo huu ulionyonya maziwa ya mama, ukasema kabla sijauzuia: halina thamani mbele yako, Daktari, ni lako.

Akasema hapana, hapana, liko mahali pake. Angeishia hapo mtu mwenye akili. Mimi nikasema chukua, wallahi. Akasema siwezi. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu kwamba asipolichukua nitaudhika.

Akalichukua!

Akasimama, akaliweka kwapani, akashukuru, akaondoka nalo. Tangu dunia iumbwe hakuna mtu wa Fars aliyechukua kitu alichopewa kwa namna hiyo! Ukisifia zulia unaambiwa ni lako, unakunywa chai, unaenda zako. Ukisifia mtoto unaambiwa ni mtumwa wako. Je, watu huondoka na watoto?

Saa kumi na moja Bi Turan akaja. Meza tupu, karanga tu. Akaniuliza kidole kina nini, nikasema mlango. Alikaa saa nzima. Akasema mwanawe ni mwema, mkwewe ni mwema, wajukuu ni wema, nyumba yao ina lifti. Ila huko Mashhadi hakuna mtu wa kumbishia kuhusu Dario. Mlangoni alivaa viatu taratibu mno, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

Nikamwambia, safari njema.

Alipotoka Dada Akhtar akanirushia ndara. Akasema wewe mtoto wa mama yangu ni domo zege tangu enzi za Koreshi. Nikajidai sielewi anasema nini.

Jumatano, 6 Farvardini

Mpango wa kulikomboa jiwe. Rahisi: naenda kliniki ya Daktari nikiwa na maumivu ya jino, anatoka kidogo kuleta dawa, nalitia jiwe mfukoni mwa koti. Koti la marehemu baba, mfuko wake unaingia kuku mzima. Lazima nilipate kabla hajalisoma.

Nililiona mara moja, rafuni, juu ya taulo safi, karibu na koleo. Daktari akanikalisha kitini kwa heshima zote. Akauliza lipi linauma. Nikaonyesha moja tu hivihivi, gego la kushoto. Akalitazama sana. Akasema lazima ling'olewe. Nikasema usijisumbue. Akasema si usumbufu. Nikasema, kweli, nisikupotezee muda. Akasema wewe ni rafiki, ni fahari yangu. Ukikataa mara ya tatu unakuwa umemtukana mtu. Nikafungua mdomo.

Ganzi ilipokwisha kunishika ulimi hadi sikio, akaketi karibu yangu, akawa mtu mwingine kabisa. Akasema nyumba yake ni kubwa tangu mkewe aondoke duniani, redio huiacha ikiwaka ili asikie mtu. Akasema alifikiria sana ampe Bi Turan zawadi gani ya kumuaga. Ameamua kumpa jiwe hili, tarehe kumi na tatu, mtoni, mbele ya wote. Waonaje, Bwana Iraj?

Nilisema hapana! Nilisema kwa nguvu zangu zote! Kilichotoka ni mate na "mmh." Akanishukuru kwa kukubali.

Nimerudi nyumbani bila jiwe na bila gego.

Jumamosi, 9 Farvardini

Supu. Nimejaribu kumwandikia barua ya kawaida, kwa herufi za kila siku. Salamu zimejaza kurasa tatu, nikaishiwa karatasi kabla sijafika kwenye habari yenyewe.

Dada Akhtar kaleta bakuli la pili bila kuitwa. Kakaa kitandani, akaniambia yeye hamshuku paka tena, ameuona unga wa jiwe chini ya zulia langu. Nikangoja ndara. Akasema Mahin angecheka sana, kisha angenisukuma mlangoni kwa mikono miwili. Nililia kidogo. Nikasema ni jino.

Jumatano, 13 Farvardini

Naandika kabla sijavua viatu.

Leo hakuna anayebaki ndani. Tulikuwa kando ya mto Kor, darasa zima na masufuria: supu ya tambi, mishikaki, majani ya saladi ya kuchovya kwenye asali na siki. Dada Akhtar kanilazimisha kufunga fundo la nyasi kama wasichana wanaoombea wachumba. Nikafunga, nikidai nachezea nyasi tu. Watu wakatupa mtoni majani yao ya ngano yaende na nuksi za mwaka. Mpango wangu wa mwisho ulikuwa jiwe nalo litumbukie mtoni kwa bahati mbaya. Nilikaa karibu na kikapu cha Daktari tangu asubuhi. Alikikalia.

Baada ya chai akasimama. Akatoa hotuba fupi, si kawaida yake. Akamkabidhi Bi Turan jiwe kwa mikono miwili, akasema Mwalimu, tusomee.

Nilitazama mto. Una kina cha magoti. Hautoshi.

Bi Turan akavaa miwani. Akasoma kama anavyosoma darasani, kidole chini ya kila neno, sauti ya juu ili hata wa nyuma wasikie:

"Mimi ni Iraj, mtu mdogo, mpima viazi, mwana wa Safar, mtu wa Marvdasht. Asema Iraj: Turandokht nampenda. Huu si uongo. Asema Iraj: asiende Mashhadi. Wewe utakayeliona jiwe hili siku za baadaye, usilivunje. Ni la dada yangu."

Mishikaki ikaungua, hakuna aliyeigeuza. Dada Akhtar akasema kwa sauti, kumbe! Basi ndipo mimi nikamgeukia Daktari, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bwana Iraj, miezi saba mimi ni wa kwanza darasani. Unadhani siwezi kusoma jina lako? Nililisoma lote ukiwa bado unaapa kwa kaburi la mama yako. Ningeliacha pale mezani, usingempa mpaka ufe." Akatazama chini. "Nami nilitaka kumwambia maneno hayohayo. Umeniwahi."

Nikamuuliza, na jino?

"Jino lilikuwa zima," akasema. "Lile nilijipa mimi mwenyewe, fidia ya kuwahiwa. Nisamehe."

Nilimkumbatia. Sijui kwa nini. Ana mabega membamba kuliko yanavyoonekana.

Bi Turan alikuwa bado amelishika jiwe kifuani kama mkate wa moto. Akaja mpaka mbele yangu, macho yamejaa. Akasema, "Asema Turandokht: lori linakuja kesho asubuhi. Iraj, niende au nisiende?"

Wazi kama Dario! Na mimi? Mimi nikasema, "Lo, usijisumbue kwa ajili yangu, mwanao ana haki zaidi."

Watu wote wakaguna. Dada Akhtar akavua ndara.

Akauliza tena, niende au nisiende? Nikasikia sauti yangu ikisema nisije nikakuharibia mipango. Nilitamani ganzi ile irudi.

Hakuondoka. Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Hizo ni mbili," akasema. "Nimezaliwa Fars, Iraj. Hesabu hii naijua. Nauliza mara ya tatu."

Nikawaona wale wawili wa ukutani. Nikaunyanyua mkono, wenye kidole kilichovimba, nikamwekea begani.

"Baki," nikasema.

Neno moja. Lilitoka. Alilia yeye, nikalia mimi, na Daktari Moayedi akaenda kugeuza mishikaki.

Alhamisi, 14 Farvardini

Lori limekuja, limerudi tupu, isipokuwa katoni moja ya jamu ya wajukuu. Nililiangalia likikata kona nikiwa nyuma ya mti. Mimi ni mtu mpya! Nimeapa asubuhi mbele ya kioo: kuanzia leo nitasema kama wafalme. Nikitaka nitasema nataka. Yaliyobaki ni uongo, na uongo ni sawa na jeshi la adui.

Adhuhuri simu ikalia. Bi Turan. Ananialika kesho Ijumaa, chakula cha mchana, mimi peke yangu. Anapika wali wa maharage mabichi na shingo ya kondoo. Laini, kwa ajili ya jino.

Nikasema aa, usijisumbue.

Akasema si usumbufu.

Nikasema haki ya Mungu siwezi kukulemea. Nikavuta pumzi, nikajiweka sawa kuipokea ya tatu.

Simu ikakatika.

Nimekaa kando yake saa tatu nzima. Kila nikipiga, laini ina shughuli. Dada Akhtar asema pengine naye anapiga huko, niuache mkono wa simu utulie, au nivae viatu tu niende, ni mitaa miwili. Hajui mambo haya. Nitaendaje bila kualikwa mara ya tatu? Hili linataka mpango.

Kanunua jiwe jipya la achari. Kalificha nyuma ya gunia la mchele, lakini nimeshaliona. Bapa, zuri, kubwa kuliko la kwanza.